Syombua na Zile Nne za Chumba Baridi

Tangazo lilibandikwa kando ya dirisha la kantini, pale ambapo utalisoma ukingoja chai hata kama hutaki. Kiwanda kinatafuta msaidizi wa ubora. Mtu mmoja. Atoke humu humu ndani. Awe amemaliza Kidato cha Nne na awe na cheti cha usalama wa chakula. Halafu chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, Madam Maggie, mkuu wa ubora, alikuwa ameongeza kwa mkono wake: kozi ya bure ya mtandaoni inakubalika, mradi umeimaliza. Mwisho ni Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa sita mchana.

Kiwanda chenyewe ni cha maziwa, kiko Ruiru, na sitakitaja jina, kwa sababu bado napenda mala yao, yale maziwa yao ya kuganda, na bado wananifungulia geti nikifika.

Siku hiyo tulijiandikisha watu ishirini na tatu. Kitu ni bure, nani atabaki nje? Kozi ilikuwa ya chuo fulani cha ng'ambo, wiki sita, nayo ilikuwa na darasa la Kiingereza na darasa la Kiswahili. Sisi wote tukakimbilia la Kiswahili tukidhani litakuwa mteremko. Wiki ya kwanza tulikuwa maprofesa. Mtu anakusimamisha kwenye foleni ya choo kukuuliza kama unajua bakteria huzaana baada ya dakika ngapi. Wiki ya pili bando za simu zikakata, mechi zikaanza, mtoto wa fulani akaugua. Mimi nilishukia hapo wiki ya pili, na sitaki maswali. Kuacha masomo katikati ni kitu ninachokijua vizuri na ninacho cheti nusu cha kuthibitisha. Kufikia wiki ya tano, kiwanda kizima kilikuwa kimebakiza wanafunzi wawili: Njau na Syombua.

Njau ni msimamizi wa zamu katika chumba baridi. Anatoka Ngoingwa, anakuja na pikipiki yake mwenyewe, na ni mtu ambaye huwezi kumchukia hata ukijaribu. Anajua jina la mtoto wako na timu inayokutesa. Umeme ukipotea yeye ndiye wa kwanza kuchekesha watu gizani.

Syombua anaosha kreti. Ni mwanamke mfupi, wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa upande wa Yatta, anayepanga chumba kimoja Kiandutu na mwanawe Kimeu aliye shule ya upili. Miaka kumi na moja amesimama mbele ya lile beseni la chuma, maji ya moto na dawa ya kuoshea ikimrukia. Glavu huvaa, lakini glavu za kazi ile huchoka kabla ya mvaaji. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama barabara ya mashambani. Mwezi wa pili daktari wa kliniki alimshika vidole, akavigeuza, akamwambia polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi: "Mama, ukikaa na hiyo dawa mwaka mwingine, ngozi hii haitarudi."

Kwa hivyo wengine tulijiandikisha kwa sababu ni bure. Syombua alijiandikisha kwa sababu ya mikono.

Na alisoma vibaya sana, yaani vizuri. Video hakuzigusa, kwa sababu video moja ilikuwa inameza bando ya siku tatu. Aligundua kwamba chini ya kila video kuna maneno yote yaliyosemwa, yameandikwa, na maneno hayali chochote. Akawa anayasoma kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, ananakili kwa mkono nyuma ya karatasi za zamani za kupokelea kreti. Tulimcheka. Nasema ukweli, mimi nilicheka zaidi. Nilimwita Daktari Kreti.

Kazi ya mwisho ya kozi ndiyo iliyoleta balaa. Unachagua mahali unapopajua ambapo chakula hushughulikiwa. Unapiga picha, unaeleza hatari zilizopo, unaonyesha zinavyozuiwa, na unaambatisha rekodi za vipimo. Alama mia, sehemu nne, ishirini na tano kila moja. Sabini ndiyo unapita. Lakini hakuna mwalimu wa kusahihisha. Mwalimu atatoka wapi, na kitu ni cha bure? Wanafunzi wanasahihishana. Kazi yako inaenda kwa wenzako watatu bila jina, nawe unaletewa za watatu bila jina, na alama zako hazifunguki mpaka umalize kusahihisha za wenzako.

Syombua alichagua kibanda cha maziwa cha Gathoni, pale Kiandutu. Gathoni ni rafiki yake na ana mdomo. Kwa wiki mbili Syombua alikuwa anaingia pale kabla na baada ya kazi, anachovya kipimajoto ndani ya sufuria, anaandika.

"Umeandika nini hapo?" Gathoni aliuliza siku ya kwanza.

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu ni nzuri?"

"Ni mbaya."

"Ngai! Mama Kimeu, unakunywa chai yangu halafu unaenda kuniandikia mabaya kwa wazungu?"

"Naandika kile kinasema."

"Basi kiambie kiseme kingine!"

Lakini baada ya siku nne Gathoni, bila kukiri lolote, alianza kubadilisha maji ya beseni la kupozea kila nusu saa. Pia aliacha kuchanganya maziwa yaliyobaki asubuhi na yale mapya ya jioni. Kipimajoto kikashuka hadi kumi na sita. Syombua akaandika zote, mbaya na zilizopunguza ubaya, akatuma kazi Jumatatu.

Alhamisi jioni, saa kumi na mbili, alikuwa ameketi kwenye kibanda hicho hicho, akitumia mtandao wa simu ya Gathoni, akisahihisha. Alikuwa amebakiza masaa kumi na nane. Kazi ya kwanza ilikuwa ya mtu wa kuoka mikate. Ya pili, mtu wa kukausha samaki. Akazipa alama, akaeleza sababu, akafungua ya tatu.

Picha ya kwanza ilikuwa mlango wa buluu uliobonyea katikati, kama bonde.

Syombua alilijua lile bonde. Alikuwepo siku toroli ilipougonga ule mlango. Ulikuwa mlango wa chumba baridi cha kiwanda chetu.

Hiki si kioja kikubwa ukikifikiria. Darasa la Kiswahili lilikuwa limebakiza watu kumi na mmoja dunia nzima. Watu kumi na mmoja wakisahihishana watatu watatu, siku moja utaletewa jirani yako. Lakini Syombua hakuwa amekifikiria. Alihisi kama mtu aliyefungua barua ya mtu mwingine kwa makosa.

Akasogeza picha kwa kidole. Hatari: zimeelezwa vizuri. Njia za kuzuia: safi. Mwishoni, picha za kitabu cha vipimo vya joto, wiki mbili nzima, kila baada ya masaa mawili. Mwandiko wa Njau, ule wa kulala upande kama mtu amechoka. Nne. Nne. Nne. Nne. Nyuzi nne Jumatatu, nyuzi nne Jumanne. Nyuzi nne Jumapili ya tarehe kumi na sita, saa nane mchana, saa kumi, saa kumi na mbili.

Jumapili hiyo umeme ulipotea saa saba mchana ukarudi saa kumi na moja. Jenereta ilikuwa inaendesha mashine za juu tu, chumba baridi kikaachwa. Syombua aliitwa kusaidia kuhamisha kreti. Pakiti za mala zilikuwa zimeanza kuvimba. Alizishika kwa mikono yake hiyo hiyo.

Ieleweke kwamba pale kazini hizo nne hazikuwa siri. Nne ndiyo namba ambayo chumba baridi kinapaswa kusoma, na kuiandika bila kupima tulikuwa tunaita kupika nne. Mtu akiingia zamu anachukua kitabu, anajaza siku nzima kwa mkupuo, anaenda zake. Nimewahi kushika kile kitabu Njau akiwa likizo na nilizipika mwenyewe, wala sikulala vibaya.

Sasa swali la nne la kusahihisha lilikuwa limekaa pale kwenye kioo kilichopasuka: Je, rekodi hizi zinaaminika? Toa alama na sababu.

Chini yake kulikuwa na kitufe kidogo cha kijivu. Kimeandikwa: Namjua mwenye kazi hii. Ukikibonyeza, kazi inarudishwa, unangoja kuletewa nyingine. Muda wa kungoja: hadi siku tatu.

Kesho saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho.

"Umekunja uso hivyo nani amekufa?" Gathoni aliuliza, akimpimia mteja kikombe.

Syombua akamweleza. Gathoni alifunika sufuria kwanza.

"Kumbe ni Njau mnagombania naye hiyo kazi?"

"Eeh."

"Na wewe ndiye unamsahihisha?"

"Eeh."

"Wee! Mungu akupende namna gani tena? Mchinje!"

"Ndiyo shida, Gathoni. Nikimpa sufuri, nimeandika ukweli ama nimemchinja?"

"Si ni kitu moja?"

 Syombua alizima simu bila kubonyeza chochote, akaenda kupika.

*

Ijumaa, saa moja kasorobo asubuhi, alimngojea Njau nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Njau alitokea na gambuti mkononi, kofia ya nywele imekaa juu ya kichwa kama uyoga.

"Mama Kimeu! Niaje? Leo ndiyo leo."

Syombua akamwonyesha simu. "Hii ni yako?"

Njau akatazama mlango wa buluu. Akacheka, kisha cheko likapungua lenyewe polepole kama redio inayokwisha betri. "Atiriri. Imekuja kwako?"

"Tangu jana."

"Na mimi nilipata ya kibanda cha maziwa," Njau akasema. "Kurasa sita kuhusu sufuria ya Gathoni. Nikasema, Kenya hii nzima ni nani mwingine?" Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Nilikupa mia, Mama Kimeu. Ishirini na tano kila mahali. Hata sikusoma, niliona tu ni wewe, nikasema huyu ameteseka vya kutosha."

Syombua alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa kitu.

"Hukusoma?"

"Ya nini? Wewe ni mtu wangu. Sasa na wewe nipe mia, tuingie kwa Madam sisi wawili na vyeti, achague yeye. Hakuna mtu ameumia."

"Jumapili ya kumi na sita umeandika nne, Njau."

"Kipimajoto cha ukutani kinasema nne."

"Hicho kimekwama tangu mwaka jana! Hata ukikipeleka Garissa juani kitasema nne."

"Basi si mimi nadanganya, ni ukuta." Alijaribu kucheka tena. Haikushika. "Sikiza. Nina watu wanaonitegemea pia. Ukinipa sufuri nitajua ni wewe. Na kila mtu hapa atajua ni kwa sababu unataka kazi."

Kengele ya zamu ikalia. Akavaa gambuti, akaenda.

Kuanzia saa moja mpaka saa nne, Syombua aliosha kreti mia tatu na ushei, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipanga. Nilimrushia mzaha mmoja kuhusu Daktari Kreti. Alinitazama, nikaurudisha mfukoni.

Saa nne, chai. Mtandao unashika mahali pamoja tu nje ya jengo letu, karibu na bomba la maji machafu, na ndipo alipoketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Njau alikuwa amesimama ndani, nyuma ya yale mapazia ya plastiki ya mlangoni. Unamwona na humwoni, umbo tu la mtu mwenye koti jeupe asiyesogea. Hakuwa ameenda kunywa chai. Njau, ambaye hajawahi kukosa chai.

Syombua aliweka kidole juu ya kile kitufe cha kijivu. Akakitoa. Nadhani hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe husema hivyo: angekibonyeza, tena tangu Alhamisi, akaenda kwa Madam na maelezo. Lakini alikuwa amesoma wiki sita kwa maandishi ya chini ya video, na mikono ilikuwa inamwasha.

Akampa Njau ishirini na tano kwa picha na maelezo ya mahali. Ishirini na tano kwa hatari, kwa sababu zilikuwa nzuri kuliko zake. Ishirini kwa njia za kuzuia. Kwa rekodi akaandika sufuri. Kwenye nafasi ya sababu akaandika, nami nimeyaona maneno hayo baadaye: "Tarehe kumi na sita umeme ulipotea saa saba mchana mpaka saa kumi na moja. Nilikuwepo, nilibeba kreti, pakiti zilikuwa zimevimba. Kitabu kinasema nne. Joto halikai mahali pamoja wiki mbili. Mimi ni Syombua wa kuosha kreti."

Hakuna aliyemwambia aweke jina. Mfumo wote ulijengwa asiweke jina.

Akabonyeza tuma. Kioo kikazunguka, kikazunguka. Halafu alama zake mwenyewe zikafunguka.

Hamsini na nane. Sitini. Mia.

Wastani: sabini na mbili. Hongera, umepita. Pakua cheti chako.

Mimi nilikuwa nimemsogelea kwa nyuma na kikombe changu, kwa hivyo niliona kila kitu. Nikapiga kelele. "Daktari! Umepita! Sabini na mbili!" Yeye alikuwa anatazama ile mia. Kando ya ile mia, kwenye nafasi ya maoni, yalikuwa maneno mawili: Kazi nzuri. Kando ya zile nyingine kulikuwa na aya nzima nzima. Mmoja alikuwa amemgombeza kwa kusahau kueleza maji ya kunawa yanatoka wapi, na alikuwa na haki.

"Hii imepikwa," Syombua akasema.

"Nini imepikwa?"

"Hii mia. Ni nne tu, imevaa suti."

Pazia la plastiki likapigwa pembeni. Njau alitoka na simu mkononi, uso umebadilika rangi.

"Sitini na sita!" akasema. "Sitini na sita, Syombua!" Hakusema Mama Kimeu. "Wengine wamenipa sitini na mbili na sitini na sita. Ungenipa hizo ishirini na tano ningepita. Mimi nilikupa mia!"

"Sikukuomba."

"Ungeanguka! Bila mimi ungeanguka!"

"Najua."

"Na umeandika jina lako! Ili iweje? Nikuogope?"

"Ili usishuku mtu mwingine."

Nilidhani atampiga. Nasema hivi kuhusu Njau, mtu asiyepiga hata nzi. Watu walikuwa wameanza kutoka kantini na vikombe vyao, wakisimama mbali kidogo, kama watu wanavyosimama. Njau akatutazama sote, akatema mate chini, akarudi ndani. Kengele ikalia.

*

Saa sita kasoro robo Syombua aligonga ofisi ya Madam Maggie. Alikuwa amevua aproni, amenawa, mikono ameificha mfukoni. Mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka karatasi za kreti ofisini, na kama karatasi hizo zilichukua muda mrefu kupangwa pale mlangoni, hiyo ni kazi na iheshimiwe.

Madam Maggie ni mama wa Kahawa Sukari, miwani kwenye kamba, hachekicheki. Akatazama cheti kwenye simu.

"Safi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Madam, kuna alama tatu. Hii mia usiihesabu."

"Kwa nini?"

"Aliyeitoa hakusoma."

Madam Maggie akavaa miwani. Akapiga hesabu kwa midomo tu. "Nikiiondoa una hamsini na tisa. Umeanguka."

"Ndiyo, Madam."

"Nani alikupa?"

 Mimi niliacha kupanga karatasi.

"Na wewe ulisahihisha nani?"

"Wa mikate, wa samaki. Na mtu wa hapa. Nilimjua nikaendelea. Kulikuwa na kitufe cha kumrudisha, sikukibonyeza. Ningechelewa."

"Kwa hivyo ulimsahihisha mtu mnayegombania kazi moja."

"Ndiyo, Madam."

"Na umekuja kunieleza hayo zikiwa zimebaki dakika kumi na tano."

"Ndiyo, Madam."

Madam Maggie alimtazama kwa muda ambao mimi binafsi ningekuwa nimeshatoroka. "Ulimpa ngapi kwenye rekodi?"

"Sufuri."

 Kile kitabu cha nne nne husainiwa kila Ijumaa, na sahihi ya chini kabisa ni ya Madam mwenyewe.

Akafungua droo, akatoa kipimajoto cha kuchoma, kile chenye sindano ndefu. Akakiweka mezani. "Twende. Nipimie."

Huko chini, Njau alisimama wima alipotuona. Nasema alipotuona kwa sababu nilikuwa nimechukua kreti tupu nikawafuata, ili mtu akiniuliza niseme nina kazi.

Syombua hakuingia chumba baridi. Alikata kona, akaenda dirisha la kantini.

"Unaenda wapi?" Madam akauliza. "Joto liko huku."

"Naomba barafu, Madam."

Akapewa barafu kwenye gilasi. Akaongeza maji kidogo, akakoroga, akachovya sindano, akangoja. Wafanyakazi thelathini wakiwa kwenye foleni ya chakula walikuwa wanamtazama mwanamke akipima gilasi. Mmoja akauliza kama hiyo ndiyo supu ya leo.

"Barafu ikiyeyuka ni sufuri," Syombua akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Hiki kinasema mbili. Kinaongeza mbili."

Midomo ya Madam ilisogea kidogo pembeni. Siwezi kuita hilo tabasamu. Baadaye nilisikia kwamba alijua. Alikuwa na kipimajoto kizima na kibovu kwenye droo ile, na alichukua kibovu.

Ndani, kipimajoto cha ukutani kilikuwa pale pale. Nne. Syombua hakukitazama. Alipita kreti za mlangoni, akaenda katikati ya rundo, mahali ambapo hewa haifiki. Akatoa pakiti ya tatu kutoka juu, akaikunja ikaikumbatia sindano. Tukangoja dakika mbili. Nilikuwa nasikia mashine ya baridi ikikohoa, na Njau akipumua kwa pua.

"Kumi na moja," akasema. "Toa mbili. Tisa."

 Nyuzi tisa huharibu maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto wa watu.

"Njau," Madam akaita. "Lete kitabu."

Njau akakileta. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa tayari umejazwa mpaka saa mbili usiku. Madam Maggie alitazama hizo nne za saa ambazo hazijafika. Kisha akatazama chini kabisa ya ukurasa, mahali pa sahihi yake, akaufunga.

"Hii tangu lini?"

"Tangu zamani, kila mtu, Madam," Njau akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha wala hasira. "Mimi niliikuta."

Mchana huo kreti mia nne na kumi na mbili zilitolewa zikamwagwa, na tulizimwaga sisi, mpaka saa moja jioni, tukimlaani Syombua kwa lugha tatu. Mimi nilimlaani kwa zote.

Kazi hakupewa siku hiyo. Madam alisema hapokei cheti chenye mia ya bure, na hapokei msahihishaji anayejua anayemsahihisha. Aliongeza wiki mbili, kwa wote wawili: kila mtu arudie kazi yake, itumwe upya, isahihishwe na watu wa darasa litakalofuata. Njau hakurudia. Alisema kazi ya kuchungulia namba imwendee mwenye macho. Syombua alirudi kwa Gathoni, akaeleza maji ya kunawa yanatoka wapi, kurasa sita zikawa nane. Wiki mbili hizo alikula chakula peke yake kantini, na watu walikuwa wakimpisha kwenye foleni kwa namna isiyo ya heshima.

Majibu yalikuja Alhamisi. Sitini na nane, sabini na tatu, sabini na mbili. Wastani: sabini na moja. Aliyempa sitini na nane aliandika kwamba anashangaa kwa nini muuzaji hanunui friji. Gathoni alisomewa maneno hayo, akasema amtumie friji huyo mtu.

Sasa Syombua ndiye msaidizi wa ubora, na hashiki tena dawa ya kuoshea. Nyufa za vidole zinaanza kufunga, isipokuwa gumba la kulia ambalo bado ni kaidi. Kile kipimajoto cha ukutani kimetolewa. Imebaki alama nyeupe ya duara. Kila baada ya masaa mawili Njau anaingia na sindano, anapima, anaandika, na Syombua anatia sahihi kando. Hawaongei sana. Ila siku ya kwanza, mbele ya kitabu kipya chenye mistari mitupu, Njau alipima, akasita, akamgeukia.

"Ni sita na nusu," akasema. "Niandike sita ama saba?"

"Imesema ngapi?"

"Sita na nusu."

"Basi."

Njau akaandika sita na nusu, kwa mwandiko wake wa kulala upande, akampa kalamu.

"Haya, Madam Tisa," akasema. "Weka sahihi niende chai."